Mtajie Mpinzani Wake Kwanza: Kuwaalika Wacheza Ngoma Magu

Kwenye mashindano ya ngoma ya Kisukuma, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja. Uwanja ni mmoja, ila kila kundi lina duara lake, ngoma zake, nyimbo zake na manju wake, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo hizo. Mgeni anayeona kwa mara ya kwanza hudhani mwandaaji kavuruga ratiba. Hakuvuruga. Waamuzi ni watazamaji, nao wanaamua kwa miguu yao: anayehama duara hili kwenda lile anapunguza huku na kuongeza kule, na jua likikaribia kuzama, upande uliozungukwa na umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda.

Nimeanza na hilo kwa sababu linabadilisha kabisa kazi yako ya kutangaza. Kijana anayeandaa tamasha la bongofleva Mwanza mjini humlipa msanii, kisha nguvu zake zote huzipeleka kwa wanunuzi wa tiketi. Wewe unayeandaa ngoma Kisesa, Nyanguge, Kahangara au Magu mjini, wa kumtangazia kwanza ni mchezaji. Mchezaji akikubali, watazamaji wanamfuata: shemeji zake, majirani zake, vijana wa kijiji chake waliokwisha kubishana wiki nzima kwamba upande wao hauna mfano. Na mchezaji hakubali kwa sababu ya jukwaa, wala kwa sababu umeandika "si ya kukosa" kwa herufi nyekundu. Anakubali ukimtajia mtu wa kupambana naye.

Wamarekani wana ngoma yao ya kijijini inayochezwa na jozi nne zilizosimama katika umbo la mraba, huku mtu mmoja akiita hatua za kufuata. Wakija watu saba hakuna mraba, wanane ndio wanaotakiwa. Waandaaji wa huko wamejifunza kuhesabu wachezaji kabla ya kuhesabu viti. Hesabu yetu sisi ni ndogo zaidi: pande mbili. Upande mmoja ukikosa kuja, huna ngoma tena, una mazoezi yanayotazamwa.

Jua unamwita nani

Karibu kila kundi la ngoma utakalolikuta kati ya Mwanza na Bariadi lina asili yake katika mojawapo ya pande mbili, Bagika au Bagalu. Wazee husimulia habari za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Nani alimshinda nani inategemea umekaa na mzee wa upande upi, nami sitakusaidia hapo kwa sababu ninataka kuendelea kualikwa pande zote mbili.

Upande hurithiwa kwa waliomfunza mtu ngoma, na humfuata popote anapohamia. Haya si ya Wasukuma peke yao. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya kwanza, ngoma za beni, Marini na Arinoti, zilienea katika miji ya Tanganyika kwa mtindo huohuo: mtu wa Marini akifika mji mgeni aliwatafuta Marini wenzake kabla ya kutafuta kitu kingine. Kwa mtangazaji hiyo ni faida kubwa. Ukimpata manju mmoja wa Bagika anayeheshimiwa, habari zako zitafika vijiji ambavyo hujawahi kuvikanyaga, kwa watu ambao hawatasoma bango lako hata siku moja.

Baada ya upande, uliza kundi linacheza nini, kwa maana jina la ngoma linakuambia mahitaji yake. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Wachezaji hurusha majembe na kuyadaka, na asili yake ni vikundi vya vijana waliolima mashamba ya watu kwa zamu huku ngoma ikipigwa. Hao wape nafasi pana, na watazamaji wakae mbali kidogo na jembe linaloruka. Wigashe, kama jina lenyewe linavyosema kwa Kisukuma, huchezwa watu wamekaa. Ukiwaalika bila mabenchi umewaita bure. Wapo wanaotokana na chama cha wawinda nungunungu, Banunguli, na wapo Bayeye, watu wa nyoka, ambao chatu wao huvuta umati kuliko kipaza sauti chochote utakachokodi. Kwa Bayeye fanya jambo moja la ziada: kaulize mapema ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu huyo chatu, ili siku ya ngoma maswali yasianzie uwanjani.

Sasa usije ukachanganya ngoma kwa kupenda wingi. Bugobogobo dhidi ya wigashe ni sawa na kushindanisha mwimbaji na mpiga makasia. Wachezaji wenyewe wataona ni dharau, hata wakikaa kimya kwa adabu. Tafuta vikundi vya aina moja, uzito mmoja, pande mbili. Hapo umeshafanya nusu ya matangazo.

Tarehe huchaguliwa na pamba

Msimu wa ngoma Usukumani ni kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, mavuno yakiwa yameingia na mvua ikiwa imekwenda zake. Kuandaa ngoma Februari, watu wakiwa shambani wanapalilia, ni kujitafutia aibu. Ndani ya msimu nako kuna hesabu yake. Mkulima wa pamba ambaye chama chake cha ushirika, AMCOS, hakijamlipa atakuja, lakini atakuja na mikono mitupu, na kikundi chake kitakutegemea wewe kwa nauli mpaka ya mtu wa mwisho. Kaa na katibu wa AMCOS mnywe chai. Ukijua malipo yanatarajiwa lini, weka ngoma wiki mbili baadaye.

Kuna tarehe moja usiyopaswa kugongana nayo: Bulabo. Pale Bujora, Kisesa, yalipo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, mashindano makubwa ya ngoma hufungamana na sikukuu ya Ekaristi. Bulabo maana yake ni maua, yale ya kupambia siku ya maandamano. Sikukuu hiyo huhama kila mwaka kwa kuifuata Pasaka, kwa hiyo huhitaji kumuuliza mtu. Hesabu siku 60 baada ya Jumapili ya Pasaka, utaangukia Alhamisi yake, na parokia nyingi huisherehekea Jumapili inayofuata. Haiwezi kuwa kabla ya Mei 21 wala baada ya Juni 24. Vikundi bora vya eneo lote vinaitazama Bujora wakati huo, na ukiweka ngoma yako wiki hiyo utapata wale ambao Bujora haikuwahitaji.

Wiki mbili tatu baada ya Bulabo, kinyume chake, ni wakati mzuri kupita wote. Walioshindwa bado wana hasira. Wako katika mazoezi tayari, mavazi yamefuliwa, nyimbo mpya ziko mdomoni, na wanatafuta mahali pa kurudishia. Mfuate manju aliyeshindwa kabla ya aliyeshinda. Anayeshinda hana haraka.

Angalia pia Saba Saba na Nane Nane, kwani vikundi vingi hualikwa kwenye maonyesho ya biashara na ya wakulima na huondoka siku kadhaa. Halafu angalia misiba. Kijiji kikiwa na msiba mzito, ahirisha bila kuombwa. Utakumbukwa kwa hilo kuliko kwa ngoma yenyewe.

Nenda kwa miguu yako

Ukishajua unayemtaka na lini unamtaka, usipige simu. Nenda.

Manju ndiye mtunzi, kiongozi na mwenye jina. Wengine humwita ningi. Wapo walioacha majina makubwa kuliko watemi. Ng'wanamalundi, aliyefariki 1936, anajulikana mpaka leo na watoto ambao babu zao hawakumwona, kwa ngoma zake na kwa hadithi za kwamba alinyoosha kidole na mti ukakauka. Sidai kwamba manju wa kijiji cha jirani atakukausha. Ninachosema ni kwamba anajiona yumo kwenye mstari huo, na mtu wa aina hiyo haitwi kwa ujumbe wa maandishi wenye herufi zilizokatwakatwa.

Nenda asubuhi au jioni, saa ambazo hayuko shambani. Nenda na mtu anayefahamika pale. Salimia kwa Kisukuma hata kama chako ni cha kubabaisha: mwangaluka asubuhi, mwadila baada ya adhuhuri, halafu tulia, kwa sababu salamu ya Kisukuma ina marejeo yake na maswali ya ukoo, na anayeikatiza ili aingie kwenye mada ameshaonekana ni mtu wa namna gani. Utaulizwa baba yako ni nani. Jibu kwa kirefu. Kama umetoka mbali, taja mtu mnayemfahamu wote.

Mada ikifika, taja mpinzani mapema, kabla ya pesa. Kuna namna mbili za kulisema jambo hili. Ya kwanza: "Mzee, tunaomba mje mtupambie sherehe yetu." Hapo umemfanya pambo. Ya pili: "Baba, Bagalu wa ng'ambo ya mto Simiyu wanasema msimu huu hawajaona wa kuwatoa jasho. Tumeona tuje kwako." Tazama uso wake baada ya maneno hayo. Akicheka kidogo na kumwita kijana alete kiti kingine, ujue umepata.

Tahadhari: usimtungie mpinzani maneno ambayo hakuyasema. Manju wanapigiana simu. Tambo ni za kweli na zinatafutwa, kwa hiyo ukifika kwa upande wa kwanza, waombe tambo zao uzipeleke kwa upande wa pili, nao watakupa zaidi ya unazoweza kuzibeba. Wewe ni mchukuzi tu.

Na kamwe usikubali jibu la manju peke yake mbele ya pombe. Omba kuonana pia na mtunza fedha wa kikundi na kiongozi wa akina mama, kama wapo. Manju anasema ndiyo kwa moyo, wale wawili wanasema ndiyo kwa hesabu ya nauli, na ndiyo unayoihitaji ni ya pili.

Mchezaji anauliza matatu

Akisharidhika na mpinzani, mchezaji wa kawaida ana maswali matatu. Kuuliza huenda asiulize kwa sauti, ila tangazo lako lisipoyajibu atabaki nyumbani: tutafikaje, tutakula nini, tutarudije. Katika uzoefu wangu la tatu ndilo linalowaangusha waandaaji wengi. Wanaweka gari la kuleta, wanasahau la kurudisha, na akina mama wenye watoto wachanga wanajikuta saa mbili usiku kandokando ya barabara ya Musoma wakipungia mabasi yaliyojaa. Kikundi kilichowahi kulala hivyo hakikusikilizi tena, na kitawaambia wenzao.

Kuhusu gari, zungumza na mwenye Noah au basi dogo. Lori ni rahisi, lakini si gari la abiria, na trafiki akilisimamisha asubuhi ya ngoma yako kati ya Nyanguge na Kisesa, umati utakaokusanyika utakuwa pale barabarani.

Kwa hiyo ujumbe wako wa sauti, utakaotuma baada ya kwenda mwenyewe, wiki mbili kabla ya siku, uwe na mambo hayo yote. Uwe wa sauti kweli. Ujumbe wa kuandika unasomwa na kijana mmoja mwenye simu kubwa, wa sauti unawekwa katikati ya kikundi jioni ya mazoezi na watu thelathini wanausikia pamoja. Unaweza kuwa hivi, na kama Kisukuma chako ni kizuri, useme kwa Kisukuma:

"Mwadila, baba. Ni mimi, mtoto wa fundi baiskeli, niliyekuja kwako na shemeji yako. Ngoma yetu ni Jumamosi ya pili ya Julai, tunaanza saa nane mchana, tunamaliza saa kumi na mbili jioni. Mnacheza na Bagalu wa ng'ambo ya Simiyu. Manju wao nilikuwa kwake juzi, amekubali, na amenipa maneno ya kukuletea, nitakupa tukionana. Gari litawafuata saa nne asubuhi, watu ishirini na watano pamoja na ngoma zenu. Mtakula mkifika na mtakula kabla ya kuondoka, na gari hilohilo linawarudisha usiku uleule. Fedha ni ile tuliyokubaliana, nusu naituma kwa simu Jumatatu. Naomba unijibu kwa sauti yako, niwasikilizishe wazee wa hapa."

Tazama sentensi ya mwisho. Jibu la manju kwa sauti yake mwenyewe ndilo tangazo bora utakalolipata, na umelipata bure. Atajibu kwa majigambo. Huenda akaweka na kipande cha wimbo. Mwombe ruhusa ya kuisambaza sauti hiyo. Sijawahi kuona manju akikataa.

Kibanda cha nyimbo kuliko redio

Sasa una sauti mbili, ya kila upande, zinazotukanana kwa heshima. Zipeleke kwenye makundi ya WhatsApp, sawa, lakini kuna mahali pazuri zaidi ambapo waandaaji wanaovaa tai hawapaoni. Kila senta yenye mnada ina kibanda cha kijana mwenye kompyuta anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wakulima wengi husikiliza nyimbo za Kisukuma kwa njia hiyo, kutoka kwenye redio ndogo inayoning'inia kwenye baiskeli au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mpe kijana yule majibizano ya manju wako wawili, mpe na soda, umwombe ayaweke mwanzo kabisa wa kila flashi anayojaza siku ya mnada. Wiki moja baadaye utasikia ngoma yako ikitangazwa shambani, na mtu anayechimba viazi akimjibu manju.

Redio ina kazi yake. Vituo vya Mwanza vinasikika mbali, Radio Free Africa ikiwa mojawapo, na tangazo la siku mbili za mwisho huwakumbusha watazamaji. Ila redio zetu husema Kiswahili, na tambo za ngoma zikitafsiriwa hubaki kama dagaa aliyelala bila kuanikwa. Usitumie bajeti yako ya gari la kurudisha wachezaji kulipia tangazo la redio. Gari la matangazo lenye spika lizunguke asubuhi ya siku yenyewe, basi, tena lipige sauti za manju badala ya kupiga kelele za mtangazaji.

Na mabango? Mwaka mmoja nilisaidia kuandaa ngoma katika kijiji kimoja pembeni ya barabara kuu. Tukachapisha mabango ya rangi, tukayabandika mpaka kwenye mibuyu. Siku ikafika, upande mmoja ukaja mapema, umevaa, umechangamka. Wa pili haukuja. Jioni nikapanda bodaboda kwenda kuuliza. Manju alinikaribisha vizuri, akanilisha michembe ya viazi, akaniambia kwamba aliliona bango letu, akaona jina lake liko chini ya la mwenzake, tena kwa herufi ndogo. Hakuwa amekasirika. Alidhani tumebadilisha mawazo. Tangu hapo, kama lazima pawe na bango, ninachapisha aina mbili kwa idadi ileile: moja jina la huyu linaanza, nyingine la yule. Kila moja linabandikwa kijiji cha mwenye jina la kwanza. Wanajua ninachofanya, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kibali

Hili ni fupi, ila usiliruke. Anza na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, na polisi wapewe taarifa ya maandishi. Wape nakala yenye saa ya kumaliza. Walinzi wa sungusungu wahusishwe kwa namna ya kuwaheshimu, kwa kuwa ndio watakaosindikiza wageni gizani. Kama kuna kampeni za uchaguzi, eleza wazi kwenye barua kwamba hapatakuwa na hotuba ya mgombea, na usije ukamruhusu hata mmoja "asalimie kidogo" katikati ya ngoma. Umati ni kura ya wachezaji siku hiyo; mwanasiasa akisimama kati ya maduara mawili, watu wanamgeukia, na hesabu inaharibika. Manju watakudai.

Uwanja ni tangazo la mwaka ujao

Kikundi kikirudi nyumbani husimulia mambo ambayo wewe huenda uliyaona madogo. Haya ndiyo yatakayokuwa matangazo yako msimu ujao, kwa hiyo yapange kama unavyopanga redio.

Moto. Ngoma za ngozi hulegea kwa unyevu, na wapigaji huzipasha moto ili zikaze sauti. Weka kuni mahali pawili, mbali kiasi, ili pande mbili zisigombee moto mmoja. Niliwahi kuona wapigaji wakichoma makuti ya uzio wa mwenyeji kwa kukosa kuni.

Upepo. Mchana kutwa huku kwetu upepo hutoka ziwani, kutoka Ghuba ya Speke, ukaingia nchi kavu. Ukiweka maduara yako moja nyuma ya jingine kwa mstari wa upepo, walio upande wa chini watakula vumbi la wenzao na sauti zao zitapeperushwa mbali na umati. Yaweke kando kwa kando, upepo uyapige yote sawa. Jua la saa kumi nalo lisiwe machoni mwa upande mmoja tu. Umbali kati yake ni wa mtu kuweza kuhama bila kukimbia na bila ngoma kuingiliana. Mimi huhesabu hatua themanini. Usiweke spika za muziki katikati. Nasema hili kwa sababu kila mwaka kuna mfadhili anayetaka.

Upande gani wa uwanja? Kila manju atataka kujua mapema atasimama wapi, na atakuwa na sababu nzuri. Usimwambie. Samba, dawa ya kuvuta watu, ni sehemu ya ngoma hizi tangu enzi za Ngika na Gumha, na wewe si wa kuihukumu, lakini ukitoa nafasi siku tatu kabla utakuta ardhi imeshachimbwachimbwa usiku. Rusha sarafu asubuhi ileile, mbele ya manju wote wawili na wazee. Kila mtu anaanza na ardhi ngeni.

Chakula kiwe kimoja, kipikwe sufuria zilezile, kigawiwe kwa wakati mmoja. Ugali wa kutosha, sato au nyama, maji ya kunywa yaliyo safi na mengi kuliko unavyodhani, kwani mtu anayecheza bugobogobo saa nne mfululizo anakunywa kama ng'ombe wa kulimia. Kama kuna dume wa kuchinja, pande mbili zione anavyogawanywa. Wape akina mama chumba chenye mlango wa kubadilishia mavazi. Darasa la shule ya msingi linatosha, ukimwomba mwalimu mkuu kwa barua na kulifagia baadaye. Vyoo, wala sitaeleza.

Pesa, ilipwe iliyobaki kabla ya ngoma ya mwisho. Hii wengi watakupinga. Watasema wakishalipwa wataondoka. Hawaondoki, kwa sababu wakiondoka wameshindwa, na hakuna kikundi kitakachokubali kushindwa kwa sababu ya bahasha. Lakini mtunza fedha anayezungukazunguka nyuma ya uwanja akikutafuta jioni ni mchezaji mmoja uliyempoteza, na kikundi kizima kinamwona anavyozunguka.

Mshindi usimtangaze kwa kipaza sauti kabla wazee wa pande zote hawajakubaliana. Mara nyingi watu wameshaona wenyewe. Mara chache umati umegawanyika kiasi kwamba hakuna wa kusema, na hapo mwandaaji mwenye akili hafanyi haraka ya kuamua: wacha wabishane mpaka Septemba.

Kisha, magari yakiwa yanapakiwa ngoma, mfuate kila manju peke yake, pembeni. Mshukuru, mwambie wabeja kwa sauti ya mtu aliyemaanisha. Halafu mwulize mwakani angependa kupambana na nani. Atataja jina bila kufikiri. Liandike hapohapo, na kesho yake asubuhi nenda kwa huyo aliyetajwa.